Ngao mkononi, upinde mkononi: kisa cha wapiganaji wawili wa ngazi ya 5

Kundi moja la Nairobi linacheza Dungeons & Dragons mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kwa kanuni za toleo la tano, zile zilizotoka mwaka 2014, na lina wapiganaji wawili wa ngazi ya 5: mmoja wa nguvu, mwingine wa wepesi. Mwendesha mchezo wao aliniletea karatasi za wahusika hao pamoja na maelezo ya pambano moja lililokwisha kwa manung'uniko. Alikuwa ameshaandika kanuni tatu za nyumbani, yaani za kujitungia, zote za kuushusha wepesi, akataka nimwambie ashike ipi. Mchezaji wa yule mwenye nguvu alikuwa amefika mahali pa kuuliza, "Kwani mimi hapa ni hamali wenu?"

Kwa asiyeujua mchezo: kila mhusika ana sifa sita, yaani nguvu, wepesi, ukakamavu, akili, busara na mvuto. Sifa yenye alama 10 haiongezi kitu kwenye dadu. Yenye 18 huongeza 4. Ukitaka kupiga unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha nyongeza zako, na ukifikia kiwango cha kinga cha adui pigo limeingia. Kisha unarusha dadu nyingine kujua umemtoa pointi ngapi za uhai. Mengine yatajieleza njiani.

Sasa tuzisome hizo karatasi. Wa kwanza ana nguvu 18 na wepesi 10. Wa pili ana wepesi 18 na nguvu 10. Wote wana ukakamavu 14, hivyo wote wana pointi 44 za uhai. Wote wana ngao, na wote wamechagua mtindo wa kupigana kwa silaha moja ya mkono mmoja, unaoongeza pointi 2 kwa kila pigo linaloingia. Wa nguvu ana upanga mrefu na deraya ya minyororo. Wa wepesi ana rapia, ule upanga mwembamba wa kuchoma, na deraya ya ngozi yenye njumu.

Deraya ya minyororo inatoa kinga 16; ongeza ngao, 18. Ngozi yenye njumu inatoa 12. Ongeza wepesi 4 na ngao 2, ni 18 vilevile. Upanga mrefu ukishikwa kwa mkono mmoja unarushiwa dadu ya pande 8, na rapia hivyo hivyo. Kila mmoja anajumlisha 7 akirusha kupiga (4 za sifa yake na 3 za bonasi ya umahiri, inayokua na ngazi) na 6 kwenye madhara (4 za sifa na 2 za mtindo), na kila mmoja anapiga mara mbili kwa zamu. Wakisimama mbele ya adui mwenye kinga 15, wastani wa kila mmoja ni pointi 14.1 kwa zamu. Hawapishani hata nukta.

Hapo tu tuhuma ya kwanza, kwamba rapia inampendelea wa wepesi, inaanguka. Rapia haina ubaya wowote. Ana kwa ana, wawili hawa wanatoshana. Kinachokera ni mambo yanayokuja juu ya hapo, ambayo wa wepesi hakuyalipia chochote: anatangulia kwenye kura ya zamu (dadu inayopanga nani aanze), anakwepa mpira wa moto vizuri zaidi, ananyatia bila kupiga kelele (deraya ya minyororo inamlazimu mwenzake kurusha dadu mbili na kushika ile ndogo), na akiwekewa adui wa mbali anao upinde mrefu unaofika futi 150 bila taabu. Wa nguvu naye ana vyake. Anasukuma watu, anawakaba, anapanda kuta, anaruka mtaro wa futi 18 akipata pa kukimbilia. Lakini hebu angalia meza yoyote ile: mchawi, kasisi, mwizi, wote wanaweza kuishi na nguvu 8 na wasijute. Tafuta anayekubali wepesi 8. Humpati.

Haikuwa hivi tangu zamani. Vitabu vya kwanza vya mwaka 1974 viliupa wepesi kazi ndogo mno vitani: nyongeza ya 1 kwa mwenye kutupa mishale, basi. Mwaka uliofuata, kijitabu cha nyongeza kikawaruhusu wapiganaji wenye wepesi mkubwa kukwepa mapigo. Toleo la tatu la mwaka 2000 lilikusanya mengi mahali pamoja, kura ya zamu, kinga, shabaha ya upinde, kukwepa milipuko, ila likabakiza mipaka miwili: kupiga kwa upanga mwepesi kwa kutumia wepesi kulihitaji kipaji maalumu, na madhara yenyewe yalibaki kuwa ya nguvu. Upinde nao haukuongeza wepesi kwenye madhara. Kufikia toleo la mwaka 2014 mipaka yote miwili ilikuwa imeondolewa. Ilirahisisha mchezo, hilo halina ubishi. Mtu mpya anaelewa karatasi yake kwa dakika chache. Bili yake ndiyo hii inayosomwa leo.

Pambano la darajani

Kundi lilikuwa linavuka daraja la kamba juu ya bonde. Silaha zilikuwa alani kwa sababu kila mtu alihitaji mkono wa kushikilia. Kutoka chini akapanda mantikora, simba mwenye mbawa na mkia wa miiba. Kwa mujibu wa kitabu ana kinga 14 na pointi 68 za uhai, anaruka futi 50 kwa zamu, na mkia wake una miiba 24 ambayo hurusha mitatu mitatu. Mwendesha mchezo alimchezesha kwa akili: akamweka futi 60 kutoka darajani na hakumsogeza karibu.

Kura ya zamu ikatoka hivi: wa wepesi 19, mantikora 13, wa nguvu 9. Wa wepesi akatupa mishale miwili, mmoja ukaingia kwa pointi 9. Mantikora akamgeukia wa nguvu aliyekuwa mbele, mwiba mmoja kati ya mitatu ukamshika. Wa nguvu akachomoa mkuki wa kurusha. Mkuki huo unafika futi 30 vizuri. Kuanzia hapo hadi 120 unarusha dadu mbili na kushika ndogo. Akakosa. Akataka kurusha wa pili, kwa kuwa ana mapigo mawili, mwendesha mchezo akamzuia: kanuni inakuruhusu kuchomoa silaha moja kwa zamu, na mkono wako umebaki mtupu. Mzunguko wa pili ukawa hivyo hivyo, na wa tatu. Mishale na moto wa mchawi vikammaliza mantikora. Mikuki ya wa nguvu haikumgusa, na hapo ndipo neno hamali lilipotoka.

Nilipoziweka namba chini, picha ilikuwa mbaya kama walivyoisimulia. Kwa umbali ule, upinde ulikuwa unatoa wastani wa pointi 12.3 kwa zamu. Mkuki mmoja, kwa jinsi walivyouhesabu, pointi 3.7. Katika mizunguko mitatu ni 37 dhidi ya 11.

Ila kuna swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza mezani: ngao ya wa wepesi ilikuwa wapi?

Ilikuwa mkononi. Karatasi ilisema kinga 18, na miiba yote iliyomlenga baadaye ilipimwa kwa hiyo 18. Upinde mrefu ni silaha ya mikono miwili. Kuvua ngao, kwa kanuni za 2014, kunakula tendo zima la zamu, na kuivaa tena kunakula jingine. Kwa hiyo zamu yake ya kwanza ilipaswa kuishia kwenye kuvua ngao bila mshale hata mmoja kutoka, na kuanzia hapo kinga yake ilipaswa kuwa 16. Mantikora, anayejumlisha 5, anampiga mwenye 18 kwa asilimia 40 na mwenye 16 kwa asilimia 50. Si jambo dogo hilo kwa kiumbe anayerusha miiba mitatu kwa zamu.

La pili ni la upande wa mikuki. Mwendesha mchezo alikuwa sahihi kuhusu kuchomoa silaha moja. Lakini mtindo wa kupigana wa yule bwana unasema ukiwa umeshika silaha ya mkono, yaani ya kupigania karibu, kwa mkono mmoja, na huna silaha nyingine, unaongeza 2 kwenye madhara ya silaha hiyo. Mkuki wa kurusha umeorodheshwa kitabuni miongoni mwa silaha za mkono, hata kama unarushwa. Upanga wake ulikuwa alani. Ile 2 ilikuwa haki yake na hakuipata.

Hapo unaona kilichokuwa kinatokea. Kanuni ndogo iliyombana wa nguvu ilisimamiwa kwa ukali. Kanuni kubwa iliyopaswa kumbana wa wepesi ilipitiwa na usingizi. Simlaumu mtu kwa hila. Nimeona meza nyingi zikifanya vivyo hivyo, maana mishale inachukuliwa kama kitu kisicho na gharama wakati mikuki inahesabiwa mmoja mmoja. Kwenye maelezo ya mapambano mengine ya kundi hilo nikakuta la tatu la namna hiyo: ndani ya ujia mwembamba, wa wepesi alikuwa anatupa mishale kupitia mgongo wa mwenzake bila adui kupewa kinga ya ziada ya 2 kwa kuwa na mtu katikati. Kanuni hiyo iko kitabuni, wala si ya nyumbani.

Nikalirudia pambano la darajani kwa hesabu safi. Wa wepesi anavua ngao mzunguko wa kwanza, kisha anatupa mishale miwili katika kila mmoja wa mizunguko miwili iliyobaki: wastani wa pointi 24.7 badala ya 37. Wa nguvu anaongezewa ile 2, na kila mkuki unafika wastani wa 4.7. Akirusha mmoja kwa zamu, mizunguko mitatu inampa 14. Pengo limepungua kwa zaidi ya nusu na hatujaandika kanuni mpya hata moja.

Kanuni moja ndogo ndiyo niliyopendekeza hapo: silaha ya kurushwa ichomolewe ndani ya pigo lenyewe, kama mshale unavyochomolewa podoni. Si ubunifu wangu. Kanuni zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2024 zimelifanya hilo kuwa sheria ya kawaida. Wa nguvu alikuwa na mikuki mitano. Miwili, miwili, mmoja: wastani wa pointi 23.3, dhidi ya 24.7 za upinde. Akitaka wa sita, unauzwa vipande vitano vya fedha. Na mantikora akikosea akasogea ndani ya futi 30, mikuki miwili inatoa 13.6 kwa zamu, inaupita upinde.

Kanuni tatu zilizokuwa zimeandikwa

Ya kwanza ilisema madhara ya kila pigo la wepesi, la rapia, la upinde na mengine, yatoke kwenye nguvu, si wepesi. Hii ndiyo kanuni ambayo wachezaji wa muda mrefu huikimbilia, na wana hoja. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo la pili lililotoka mwaka 2019, inafanya hivyo kwa panga nyepesi, isipokuwa kwa aina moja ya mwizi. Hata ulimwengu wa kweli uko upande wao kuhusu upinde. Meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, ilikutwa na pinde ndefu zaidi ya 100, na kuzivuta kulihitaji nguvu ambayo watu wengi wa leo hawana. Mifupa ya mabega ya baadhi ya mabaharia ilikuwa na dalili za kazi hiyo. Karibu na kwetu, Wawaata wa nyika ya Tsavo waliwinda tembo kwa mshale wa sumu na upinde uliohitaji mvuto wa zaidi ya kilo 45. Mtu aliyewahi kuushika upinde kama huo hawezi kukuambia ni silaha ya watu wembamba wenye vidole vyepesi.

Pamoja na hayo nikaikataa. Rapia ya mpiganaji wetu ingeshuka kutoka 14.1 hadi 8.9 kwa zamu, na tumeshaona kwamba 14.1 ilikuwa sawa kabisa na ya mwenzake. Ungekuwa umemvunja mtu mguu kwa kosa la kufika mapema. Mbaya zaidi, kundi hili lina mwizi na mtawa. Mwizi wa ngazi ya 5 akivizia hutoa wastani wa 19, angebaki na 15, angevumilia. Mtawa hupiga mara tatu kwa zamu na kila pigo lingepungua pointi 4. Hana deraya, hana silaha nzito, hana pengine pa kukimbilia. Pathfinder inaweza kuibeba kanuni hiyo kwa sababu kila kitu kingine ndani yake kimejengwa kikiizunguka. Kuing'oa na kuichomeka kwenye mchezo mwingine ni kuomba matatizo.

Kutokana na mfano wa Wawaata, hata hivyo, nilimpa mwendesha mchezo kitu kimoja cha kuweka kwenye hazina ya baadaye: upinde mzito wa kuwindia wanyama wakubwa. Dadu ya pande 8, unafika futi 80, unahitaji nguvu 15, na mwenye kuutumia anapiga na kudhuru kwa nguvu, si wepesi. Usiuzwe dukani. Na mwenye ngao aivue kwanza, kama mwenzake.

Kanuni ya pili ilihamisha kura ya zamu kutoka wepesi kwenda busara. Hapa ndipo nilipokuwa na huruma zaidi, maana kura ya zamu ndilo jambo ambalo hesabu inaonyesha wepesi umepewa bure. Mwenye nyongeza ya 4 anamtangulia asiye na nyongeza kwa asilimia 66, anatanguliwa kwa asilimia 30, na zilizobaki ni sare. Lakini busara nayo si maskini. Ndiyo inayoona maadui waliojificha, ndiyo inayozuia uchawi wa kutawala akili. Ukiiongezea kura ya zamu umehamisha tatizo kutoka kwa mwizi kwenda kwa kasisi, na wa nguvu amebaki palepale. Wapo wanaopendekeza akili, kwa kuwa ndiyo sifa isiyo na kazi nyingi vitani. Sawa, ila anayeongoza kwa akili ni mchawi, na mchawi anayetangulia huku maadui wote wamesimama pamoja ndiye mtu wa mwisho anayehitaji zawadi.

Nilichomshauri ni bonasi ya umahiri. Kila mchezaji arushe dadu ya pande 20 na kuongeza bonasi hiyo, ambayo kwa ngazi ya 5 ni 3. Tazama inavyofanya kazi dhidi ya mantikora, anayejumlisha 3. Wa wepesi alikuwa anamtangulia kwa asilimia 52.5, sasa ni 47.5. Wa nguvu alikuwa anamtangulia kwa asilimia 34. Sasa ni 47.5 pia. Yaani kanuni inamkata mmoja kidogo na kumwinua mwingine sana, na hivyo ndivyo kanuni ya nyumbani inavyopaswa kuwa ikiwa unataka watu waikubali bila kununa.

Viumbe wasiguswe. Rasimu ya kwanza ya mwendesha mchezo ilitaka kila kiumbe naye atumie umahiri, na hilo lingeharibu ladha. Zombi ana wepesi 6, anatoa 2 kwenye kura yake; ndiyo maana ni zombi. Ukimpa umahiri anaanza kukimbia kama mtu aliyechelewa matatu ya mwisho. Jitu la mwituni nalo, lenye wepesi 8, lingeamka ghafla. Kwa hiyo viumbe wabaki na namba zao za kitabuni. Na mhusika mwenye uwezo wa darasa lake au kipaji kinachoongeza kura ya zamu aendelee kukiongeza juu ya umahiri, isipokuwa mwimbaji mwenye nusu ya umahiri kwa mambo asiyoyajua: asilipwe mara mbili.

Mwizi alilalamika, na alikuwa na sababu, kwa kuwa mtindo wake wa mauaji unategemea kumtangulia anayemvizia. Makubaliano yakawa kwamba akiwa amejificha pambano linapoanza, atumie wepesi wake kama zamani. Mimi nisingeandika kifungu hicho. Nadhani kitasahaulika baada ya vikao viwili. Lakini meza ni yao.

Kanuni ya tatu ilikuwa ya uzito wa mizigo. Kitabu chenyewe kina kanuni hiyo kama hiari: ratili za mzigo wako zikizidi mara tano ya alama yako ya nguvu unapungua mwendo futi 10, zikizidi mara kumi unapungua 20 na kila kitu kinakuwa kigumu. Mwendesha mchezo aliiona kama mtego mzuri kwa mwenye nguvu 10. Nikamwomba tupime mizigo kwanza.

Wa wepesi: ngozi yenye njumu ratili 13, ngao 6, rapia 2, upinde 2, podo 1, mishale 20 ratili 1. Jumla 25. Shanta la msafiri, lenye chakula, kamba, mienge na godoro la kukunja, lina ratili 59. Amefika 84, kikomo chake ni 50; amepungua mwendo. Wa nguvu: deraya ya minyororo 55, ngao 6, upanga 3, mikuki mitano 10, jumla 74. Ongeza shanta, 133. Kikomo chake ni 90. Naye amepungua mwendo! Wakitua mashanta kabla ya pambano, kama mtu yeyote mwenye akili anavyofanya, wote wawili wako huru. Kanuni iliyokusudiwa kumtega mmoja inawatega wote sawasawa, halafu inawaachia wote sawasawa, na katikati mmemaliza nusu saa mkijumlisha uzito wa mienge. Inamuumiza kweli mwenye nguvu 8 tu, ambaye kwa mzigo ule wa 84 anavuka kikomo chake cha pili cha 80. Katika kundi hili huyo ni mchawi, ambaye hakushtakiwa.

Kuhusu mpira wa moto nitasema kwa ufupi, maana ulitajwa sana kwenye malalamiko kuliko ulivyostahili. Mpira wa ugumu 15, yaani unaotaka ufikishe 15 kwa dadu na wepesi ili ujiokoe, hutoa wastani wa pointi 28. Ukijiokoa unapata nusu. Wa wepesi anajiokoa kwa asilimia 50, wa nguvu kwa asilimia 30. Kwa wastani mmoja anaungua 21, mwingine karibu 24. Tofauti ya pointi 3 kwa watu wenye 44 haihitaji kanuni.

Kilichopitishwa, basi, ni hiki: ngao na upinde visionekane kwenye mikono ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na kinga iandikwe mara mbili kwenye karatasi, yenye ngao na isiyo na ngao, ili isisahaulike, mtu aliyesimama katikati ahesabiwe kuwa kificho, mikuki ichomolewe ndani ya pigo, kura ya zamu iende kwa umahiri. Mbili za kwanza si kanuni za nyumbani, ni za kitabuni zilizorudishwa kazini. Hakuna iliyogusa rapia.

Limebaki jambo moja ambalo mwendesha mchezo hakuliuliza, nami nikamtajia kwa sababu linakuja mbio. Ngazi ya 6 mpiganaji anaongezewa sifa tena. Wa wepesi atafika 20, na kinga yake itapanda yenyewe hadi 19 bila kutoa hata senti. Wa nguvu naye atafika 20, lakini deraya haijali nguvu ikizidi. Atabaki 18 mpaka anunue nyingine. Deraya ya vipande inayompa 19 inauzwa dhahabu 200. Ile ya mabamba, inayompa 20, inauzwa dhahabu 1,500. Mchezo umemwekea wa nguvu malipo yake dukani, na mwendesha mchezo huyu, nimeipitia orodha ya hazina alizotoa, amekuwa akigawa dawa za kuponya na vito vidogo vya mchawi. Jumla ya dhahabu ya kundi zima haifiki 200. Nimemwambia fundi wa deraya awepo kwenye mji unaofuata, awe na deni la kulipa, na deni hilo liwe na mantikora wa pili ndani yake.